Boga la Mama Girdhari

Mtaani kwetu mwanamke hapasui boga. Nazungumzia boga la jivu, lile kubwa lenye ngozi ya kijani iliyopakaa unga mweupe, tunalolipikia petha, kitamu cha vipande vya boga vilivyopikwa kwenye shira ya sukari. Mwanamume akishalitia kisu, hata pigo moja tu, yake yamekwisha. Kumenya, kukwangua mbegu, kuchoma vipande kwa uma, kuroweka, kuchemsha, na kusimama juu ya shira mpaka mgongo ukatae, yote hayo ni yetu. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba boga lile lina cheo cha mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba, na mama anayelipasua kwa mkono wake amempasua mwanawe. Nilipoolewa Agra nililicheka jambo hilo waziwazi, na Mama Girdhari akaniambia nicheke vizuri nikishazaa.

Nilizaa, nikaacha kucheka.

Jina lake hasa mama huyo ni Ramdulari, lakini tangu mwanawe Girdhari azaliwe watu humwita kwa jina la mtoto. Mlango wake na wangu inatazamana, na uchochoro ulio kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba nikikaanga pilipili, yeye ndiye anayekohoa. Marehemu mumewe, Basant, alikuwa mpika shira katika karakana moja ya petha, na kwake mama huyu alijifunza kazi na kiburi cha kazi pamoja. Petha ya dukani hakuigusa. Alisema ile ni ya wageni wanaokuja kuangalia lile kaburi maarufu la malkia, watu ambao hata ukiwakatia sabuni watalamba na kushukuru. Yake aliipika nyumbani kwenye sufuria moja nyeusi, kutokana na boga alilolipanda mwenyewe darini, juu ya paa la nyumba, na ilikuwa laini, nyeupe, inayotoa maji ukiiuma. Mimi aliniita bi harusi, na ananiita hivyo mpaka leo ingawa nina binti wa kuozwa. Kila mara nilipomsaidia alivitazama vipande vyangu na kuniuliza kama nakata petha au nafyatua matofali. Nilimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Basant alikufa kwa ugonjwa wa kifua Girdhari akiwa bado mdogo, na alikuwa mtoto wao pekee. Msimu uliofuata boga lilipoiva, Omkar, mdogo wake Basant anayekaa nyumba ya pili, alitaka kulipasua yeye. Mama Girdhari akakataa. Alisema nyumba yake ina mwanamume. Basi Omkar akaushika mkono wa mtoto pamoja na kisu, na pigo likapigwa. Tangu siku ile kazi ikawa ya Girdhari. Alipokua akawa dereva wa malori ya mizigo, akaenda Gujarat, akaenda Punjab, lakini kabla ya Divali lazima arudi, na akirudi kitu cha kwanza kinachomngoja uani ni boga. Alilipigia magoti, akakinyanyua kisu juu kuliko inavyohitajika, akasema kwa sauti ili mtaa mzima usikie, "Mama, leo najipasua mwenyewe. Usilie." Mama yake alimpiga kofi la kisogoni kwa kukufuru, naye alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa Divali yetu. Taa na fataki zilikuja baadaye.

Mwaka ninaousimulia alikuwa amepata mchumba. Msichana anaitwa Hemlata, wa Mathura, na posa ilikuwa imekubaliwa. Wakati huo simu ya mtaa ilikuwa moja tu, dukani kwa Chedilal muuza nafaka, na Girdhari alipiga hapo kumwambia mama yake kwamba mzigo umemchelewesha. Angefika mkesha wa Divali, angeoga, na wangeondoka wote kwenda Mathura na petha mkononi. Kwa hiyo asimngojee. Amtafute mwanamume mwingine alipasue boga, aanze kupika. Mtaa mzima ulipata la kusema. Watu wa Mathura wanajiona wao ndio wenye vitamu duniani, na wewe unawapelekea kitamu cha boga! Mama Girdhari akajibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kuwapelekea, wajifunze. Alinunua sukari, alinunua chokaa nyeupe ile ya kulia tambuu, akaiyeyusha kwenye ndoo na kuiacha itulie. Boga alilichagua kwa kuligonga na vidole na kulitegea sikio. Jioni alimwambia Omkar aje asubuhi na mapema. Sijapata kumwona akitabasamu bila kumsema mtu, ila siku ile.

Asubuhi na mapema Chedilal alikuja kugonga, lakini kwa Omkar, na kwa ngumi. Lori lilikuwa limepinduka usiku barabarani, mbele ya Ajmer. Girdhari amekufa.

Omkar ni mtu wa kupanga. Hata kwenye msiba wake mwenyewe atapanga. Alitukusanya nyuma ya duka, akasema anaondoka sasa hivi na gari la kukodi kwenda kumleta, na mpaka arudi na maiti asipatikane mtu wa kumwambia shemeji yake. Moyo wake ni mbovu, daktari ameshasema. Akiambiwa akiwa peke yake, na mwili haupo, atakufa. Kila mtu aendelee na mambo yake kama kawaida.

Nikamuuliza kama ana akili.

"Akifa kwa mshtuko utabeba wewe?" akaniuliza.

"Na akijua mtaa mzima ulimcheza shere, atabeba nani?"

Tikaram, mume wangu, akanivuta ukosi wa blauzi kunirudisha nyuma. Ni fundi bomba, mtu mpole, hapendi kelele. Wakubwa wakaamua, nami nikanyamaza huku nimefura. Tukawafungia watoto ndani wasije wakaropoka. Lakini hayo ya kuendelea kama kawaida hayakuwezekana. Kwetu maiti ikiwa haijatoka mtaani, majiko hayawashwi. Na maiti ambayo bado iko njiani? Hakuna aliyemwamuru mwenzake, ila hakuna mwanamke aliyeweza kutia karai motoni. Tulikula chapati za jana, baridi, tukiwa tumesimama.

Jua lilikuwa limeshapanda Mama Girdhari alipotoka kumtafuta Omkar. Mkewe alimwambia ameitwa Gwalior kwa dharura ya mkwewe. Alinung'unika kidogo, akasema Omkar tangu utoto hakuna ahadi aliyoiweka bila kuipindua, kisha akavuka uchochoro kuja kwangu. Alikuwa amelipakata boga nyongani, mkono mmoja umelizunguka, na kisu kikubwa mkono wa pili. Nilipomwona amelibeba hivyo ilinibidi nigeuke nijifanye napanga vikombe.

"Tikaram, mwanangu, njoo unifanyie pigo moja," akasema. "Moja tu. Sikuombi unipikie."

Mume wangu alisimama. Naapa alikuwa na nia ya kulimaliza jambo, maana alinyoosha mkono na akakishika kisu. Halafu akaliangalia lile boga. Alimfundisha Girdhari kuendesha baiskeli, huyu mume wangu. Akakirudisha kisu na kusema mkono wake unauma, ameubana na spana.

"Upi?"

"Huu."

"Huo ndio uliopokea kisu sasa hivi."

Mama Girdhari alimwambia kwamba mwanamume anayeshindwa na boga asitamani nyama ya mbuzi, akaondoka, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake. Chedilal, aliyekuwa ameketi dukani mwake kama mtu anayengoja kunyongwa, alisema amefunga. Mama Girdhari akamuuliza tangu lini aliyefunga hakati boga. Chedilal akasema ni funga ya aina nyingine, akaingia stoo, na hakutoka. Fundi cherehani alisema ameweka nadhiri asishike chuma hadi Divali ipite, na mkasi ulikuwa mkononi mwake. Wanaume wa mtaa wetu! Kwa miaka yote wangegombania kuitwa, maana aliyepasua hupewa petha ya kwanza. Siku ile kila mmoja alitafuta uwongo wake, na hapakuwa na uwongo hata mmoja wenye miguu ya kusimama. Wala siwalaumu sana. Nani angeinua kisu juu ya mtoto ambaye yuko barabarani amefunikwa shuka?

Tulirudi mlangoni kwake. Alikuwa amechoka, amekaa kizingitini na boga miguuni, akiwaza kwa sauti kwamba chokaa imeshatulia, na vipande visipolala humo leo petha haitawahi. Hapo ndipo akatokea Jagan muuza maziwa, na baiskeli yake, kutoka kijijini kwake ng'ambo ya reli. Hakujua lolote.

"Jagan, leo umetuletea maziwa au umetuletea mto Yamuna?"

"Nusu kwa nusu, mama, kwa ajili ya sikukuu."

"Weka birika chini. Njoo unipasulie hili."

Jagan alikubali kabla mama hajamaliza kusema. Alijifuta mikono kwenye kikoi chake, akachuchumaa, akakipokea kisu na kuniuliza mimi kama kwenye mtaa wenye wanaume wengi namna hii ndiyo mpaka aletwe wa kijijini. Milango yote ilikuwa imefunguka kidogo na katika kila mwanya kulikuwa na jicho. Jagan akakiinua kisu juu, juu kuliko inavyohitajika.

Tikaram alivuka uchochoro kwa hatua moja na kumdaka mkono. "Acha," alisema. "Ndugu yangu, acha." Na huyo mume wangu asiyependa kelele akaanza kulia palepale, mkono wa mwenzake ukiwa bado juu.

Mama Girdhari alimtazama. Aliinua uso akatazama mapaa yetu, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa uchochoro, kisha akanigeukia.

"Bi harusi."

"Mama."

"Mbona hakuna moshi? Divali imefika na hakuna hata nyumba moja inayokaanga."

Nikainamisha macho kwenye lile boga.

"Wewe hujui kunidanganya," akasema. "Ni Girdhari?"

"Ndiyo, Mama."

"Wapi?"

"Barabarani. Mbele ya Ajmer."

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuwa na utingo. Utingo amepona."

Akasema, "Afadhali. Naye ana mama."

Tulikuwa tunamngojea aanguke. Mke wa Omkar alishakuja na maji na vidonge vya moyo vya shemeji yake, na wanawake wawili walikaa nyuma yake kumkinga. Hakuanguka. Moyo ule mbovu tuliokuwa tunaulinda ulisimama imara kuliko sisi sote. Alinyoosha mkono kwa Jagan, na Jagan akampa kisu.

"Mama, usifanye hivyo," Tikaram akamwambia.

"Nimekiogopa kisu hiki tangu siku niliyomzaa," alisema, wala hakupaza sauti. "Nimepita mlango kwa mlango naomba mkono wa mwanamume, nisije nikamdhuru mwanangu. Haya, sikumdhuru. Sasa mnaniogopea nini? Sogea pembeni."

Akalipasua. Pigo moja, mpaka chini. Ndani lilikuwa jeupe, limekomaa vizuri, boga zuri kabisa.

Wazee wengine walisema baadaye ilikuwa ni uchungu tu, hakujua afanyalo. Upuuzi. Alijua vizuri sana. Alilimenya akiondoa ngozi nene, mpaka kijani chote kikaisha, maana kijani kikibaki petha inakuwa chungu. Alikwangua mbegu na ule utando laini akavitupa. Alikata vipande sawasawa. Mimi na mke wa Omkar tulikaa naye na uma zetu tukivichoma, na machozi yangu yalikuwa yanaingia kwenye sinia, sikuweza kuyazuia. Yeye hakulia. Aliinua kipande changu kimoja, akakigeuza.

"Choma mpaka ndani, bi harusi. Shira haiingii kwa kugusagusa."

Nikachoma mpaka ndani. Vipande vikaingia kwenye maji ya chokaa, akafunika ndoo kwa sahani, akaosha mikono yake mpaka viwikoni. Kisha akasema, "Mleteni," kana kwamba ndilo jambo pekee lililokuwa limebaki, na hapo sauti ikamtoka ambayo siielezi.

Omkar alifika naye jioni. Mtu wa kupanga alikuta kila kitu kimeshapangwa: shemeji yake amelala pajani mwangu akiwa mzima, na anajua. Akasimama mlangoni asijue la kufanya na mikono yake. Asubuhi yake wanaume walimbeba Girdhari mpaka ukingoni mwa mto, na moto aliutia Omkar, kwa kuwa marehemu hakuwa na mwana. Sisi wanawake hatuendi huko. Tulibaki na Mama Girdhari uani, na ile ndoo ikawa pale katikati yetu.

Katika purukushani za kuosha nyumba na kupokea watu wa mbali, ndoo ile ilisahauliwa, na vipande vikakaa kwenye chokaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilipoikumbuka niliibeba kwangu, maana jiko la nyumba ya msiba lilikuwa bado haliwashwi. Niliviosha mpaka maji yakawa safi na bado nikaviosha tena. Nikavichemsha, nikatia sukari, nikatia kijiko cha maziwa kuondoa povu chafu kama nilivyomwona akifanya, nikasimama juu ya shira mpaka ikavutika nyuzi. Nilitia maji ya waridi. Nikaonja kimoja na nikajua: kigumu. Kilikuwa kitamu, cheupe, na kigumu. Divali ikapita bila taa hata moja mtaani kwetu, na petha ikiwa imetandazwa kwenye sinia kabatini mwangu, sijui nimpe nani.

Siku ya kuondoa matanga watu wa Mathura walikuja, wazazi wa Hemlata, na Hemlata mwenyewe, jambo ambalo halikutarajiwa na lililowafanya wanawake kadhaa wakonyezane. Alikuwa msichana mwembamba aliyejifunika sari nyeupe kichwani, na hakuna aliyejua aketi wapi, maana hakuwa mjane wala hakuwa mgeni. Aliketi karibu na mlango. Mama Girdhari, ambaye siku zote hizo alikuwa amesema maneno ya kuhesabika, aliniita.

"Ile petha ulipika?"

Nilimwambia nilipika.

"Ilete."

Niliileta kwenye sinia lilelile. Aliichukua kwangu, akatembea nayo mwenyewe mpaka mlangoni, akaketi chini mbele ya yule msichana. Alimwambia kwamba hii ni ya kwao, Girdhari aliagiza wapelekewe, na kwamba wamwie radhi imechelewa. Hemlata alichukua kipande akakiuma. Nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya meno yake. Mama Girdhari naye aliisikia, maana sikio lake kwa petha halikuwa na mfano.

"Imekuwa ngumu," akasema. "Yeye aliipenda laini."

"Si ngumu, Mama," Hemlata akasema, na akakila chote, polepole, machozi yakimfika kidevuni, kisha akachukua kingine.

Iliyobaki ilikwenda nao Mathura, imefungwa kwenye kitambaa. Hemlata aliolewa baadaye na mtu mwingine, kama ilivyopasa, na ana watoto. Divali ikikaribia hutuma boksi la vitamu vya kwao, na Mama Girdhari huvikosoa kimoja baada ya kingine, na huvila vyote.

Kulikuwa na watu waliojiuliza tumwiteje sasa. Mmoja wao, katika kumwonea huruma, alimwita Ramdulari mbele za watu. Alimjibu kwamba jina lake analijua, na jina lake ni Mama Girdhari.

Boga bado analipanda darini. Kila mwaka likiiva, Tikaram wangu huoga mapema, huvaa shati safi, husimama mlangoni kwetu na kukohoa, akionyesha kwamba yupo na mikono yake yote ni mizima. Mama Girdhari anamwona. Anapiga magoti uani kwake, anakinyanyua kisu juu kuliko inavyohitajika, na anapasua mwenyewe.